Msaragambo wa Matangazo

Nyie, mkimwona Koleta anapika makande mtasahau shida zenu! Anakoroga huku akiwagombeza watazamaji kama wamekaa jikoni kwake: "Wewe unayeniangalia umelala, amka ukaloweke maharage!" Mimi Asteria, jirani yake, ndiye ninayemshikia simu. Chome nzima tunamwangalia mtandaoni, na Wapare walioko Dar wanamwangalia wakimeza mate.

Siku moja akaniambia, "Jirani, Jumamosi napika ya mwisho. Simu nauza. Hii chaneli hainipi hata bando la kurushia video."

Nikateremka Same kwa Tumainieli, fundi simu wetu, anieleze inakuwaje. Akajikuna kichwa. "Mama, yule analipwa kwa matangazo. Na simu za Chome nzima nimeziwekea kizuizi cha matangazo. Si mliniomba wenyewe, mkasema yanamaliza bando?"

Loo! Kumbe tunakula makande huku tunamfukuza mpishi!

Niliporudi sikuingia hata nyumbani. Nikaenda kwa mzee Aminieli, mpiga pembe. "Shikamoo mzee. Piga ya msaragambo." Akapiga. Pembe hiyo ikilia hatuulizi, kazi ni ya wote na asiyefika anatozwa faini. Watu wakapanda kilimani na majembe, wakidhani barabara imekatika tena.

"Wekeni majembe chini," nikasema. "Toeni kizuizi cha Tumainieli. Leo tunalima matangazo!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Likaja tangazo la nepi, mzee Aminieli akakataa lisirukwe: "Mwacheni amalize, mtu akiongea hakatizwi!" Lakini msaragambo haufanywi kivivu. Kila tangazo lililotokea tulilibonyeza, tena na tena, huku tukiimba. Wenye mtandao wakaona mibonyezo yote inatoka kilima kimoja, wakadhani ni ujanja wa Koleta, wakamwondolea matangazo yote.

Jamani! Nilimpelekea habari huku nalia. Koleta akaniangalia, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Yaani mmeacha mashamba mkaenda kunibonyezea?"

"Tumekubonyezea, na tumekuharibia."

"Basi simu siuzi. Waambie msaragambo haujaisha."

Jumamosi kila nyumba ikaleta kitu, huyu mahindi, yule kuni. Koleta akainua upawa mbele ya simu. "Mnayaona maharage haya? Ya mzee Aminieli. Yanaiva kabla hamjamaliza kusengenya! Njooni Chome mnunue." Tangazo lililotoka mdomoni mwa mpishi, simu gani italizuia? Wa Dar wakaagiza, na tangu siku ile mzee hajasahau kumnunulia Koleta bando.

Juzi Tumainieli kapanda mwenyewe kutoka Same, shati limelowa jasho. "Shikamoo shangazi. Naomba na duka langu ulitaje kwenye video."

Koleta akafunika sufuria. "Marahaba, mwanangu. Lako nimelizuia."

Tulimcheka yule kijana mpaka naye akacheka. Halafu Koleta akampakulia makande.