Matanga ya Garam kule Hopkins

"Toa ule Mchina kwenye televizheni yangu!"

"Ni Mkorea, mama. Na amekufa."

"Wakufe wote! Tangu asubuhi uko unalia kama mjane. Ulimzaa? Ulikula naye?"

Mama alikuwa amesimama na rimoti mkononi. Dada yangu Kirezi alikuwa chini, mgongo ukutani, kitenge kichwani, vile wanawake wetu wanakaa kwenye matanga. Hicho ndicho kilichomchoma mama. Kulia, lia. Lakini kukaa chini ni kwa mtu wako.

Kirezi alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania. Alipofika hapa Hopkins, Marekani, akiwa na miaka kumi na mbili, hakujua hata kuomba ruhusa ya kwenda choo kwa Kiingereza. Shuleni hakuna aliyemsemesha. Akawapata Sebom kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka: vijana watano Wakorea, wanaimba na kucheza kama wamefungwa kamba moja. Wakati ule hawakuwa kitu. Walilala chumba kimoja wote, walifanya mazoezi chini ya ghorofa pasipo na dirisha, waliimba mlangoni mwa maduka watu wakipita na mifuko yao bila kugeuka.

"Ona, Heri," aliniambia, "wanaishi kama sisi."

Kiingereza chake alikitoa kwenye tafsiri zilizoandikwa chini ya video zao.

Halafu wakapanda. Wimbo wa tatu ukashika, viwanja vikajaa, sura zao zikabandikwa mpaka kwenye chupa za soda. Mimi nilicheka, wanaume wa kupaka midomo rangi. Kirezi akamaliza shule, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee Saint Louis Park, na masikioni ni Garam tu, yule mdogo wao. Kampuni yao ikawazungusha dunia nzima bila kupumua. Mmoja akaumia goti, akachezeshwa kwa sindano. Mwingine akaitwa jeshini. Juzi walikuwa wanatoka shoo moja kukimbilia nyingine, dereva akasinzia, gari likapinduka. Wengine walitoka hai. Garam hakutoka.

Kirezi alitaka kitu kimoja tu, amkalie matanga siku hiyo moja. Mama alipokataa, akaweka picha nyeusi kwenye status ya WhatsApp, akaandika: *Nimefiwa.*

Sasa kwetu ukisikia msiba huulizi nani. Unaenda, utamjulia huko huko. Mchana mlango ukagongwa. Mama Kasika wa kwaya, na wanawake wengine nyuma yake, wana sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, wana chupa za chai, theluji bado kwenye viatu. Walianza kulia hapo hapo mlangoni. Wakakaa chini, wakamzunguka Kirezi, wakamshika. Sijawahi kuona mtu analia vile Kirezi alivyolia.

"Pole, Uwimana," Mama Kasika akamwambia mama. "Ni nani, mama?"

Nilijua mama akitaja Garam, kesho makanisa yote yanatucheka, na jina la Kirezi limekwisha.

"Mama, waambie tu," Kirezi akasema.

Mama akazima televizheni.

"Ni Mugabo."

"Mugabo gani?"

"Mtoto wangu wa kwanza. Tulimwacha njiani, tunakimbia. Hatukumkalia matanga."

Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Alipokufa walimfunika na majani wakaendelea, maana nyuma ni risasi. Kirezi alikuwa hajazaliwa.

Mama alishuka chini taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asioamini utakaa, na sauti iliyomtoka mimi sikuwa naijua. Wanawake wakamwachia Kirezi, wakahamia kwake wote.

Kirezi akabaki peke yake ukutani.

"Heri," akaninong'oneza, "hii ilikuwa yangu."

"Najua."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini?"

"Kirezi!" Mama Kasika akaita. "Binti, simama, lete vikombe. Mama yako hawezi kulia na koo kavu."

Akasimama. Akapitisha chai. Kila mmoja akipokea kikombe anamwambia, "Pole kwa kaka yako," naye anajibu, "Asante, mama." Chai ikamwagikia kapeti. Hakuna aliyeangalia.

Simu yangu ikalia. Ni rafiki yangu Zadock, gari lake limekataa kuwaka kwenye parkingi ya mall Roseville, baridi imemaliza betri. Nikachukua nyaya za kuwashia gari, nikavaa koti, nikapita katikati ya miguu ya wanawake, nikamwacha Kirezi na vikombe, nikatoka.