Akina Mama Waliotaka Kunisindikiza

Siku tatu za wiki nafundisha ustawi wa jamii chuoni, mbili naketi na wagonjwa kliniki ya mtaa wa Laini Saba. Watafiti wenzangu wananiona mtu wa kliniki, wa kliniki wananiona mtu wa makaratasi. Nimezoea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa napima huzuni ya akina mama waliofiwa na waume. Fomu ilijaziwa ndani ya nyumba, kisha moja kwa moja nyumba inayofuata. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, na mwanafunzi aliyechelewa nilimfokea bila haya.

Asubuhi moja nilikuwa kwa mama mmoja wa Laini Saba, mchuuzi wa samaki wa omena. Kila swali alijibu hapana. Kukosa usingizi, hapana. Kulia, hapana. Kuwaza kujiua, hapana. Nikafunga fomu, nikaaga. Akavaa patipati miguuni.

"Wacha nikusindikize, madam."

"Usijisumbue, mama. Njia naijua."

"Kwani kwenu mgeni hutoka peke yake kama mwizi?"

Nikamkubalia shingo upande. Tulipofika relini akasimama.

"Yale maswali nimekudanganya. Ukuta wangu ni mabati, na mama mkwe anakaa upande wa pili. Silali. Na hiyo ya kujiua, nimepanga ni Jumapili, watoto wakiwa kanisani."

Hapo nilijua la kufanya, ndiyo kazi yangu. Tuliketi kwenye kibanda cha chai hadi dada yake akaja kutoka Ayany, akamchukua pamoja na watoto. Kuanzia Jumanne akawa anakuja kliniki. Yuko hai.

Siku iliyofuata ile ya relini nilikumbuka mtaa wa Kongo, kule Kawangware, nilikomaliza kujaza fomu mwezi uliotangulia. Huko pia akina mama walikuwa wametaka kunisindikiza, nami nikawarudisha mlangoni, nikijiona mjanja wa kuokoa wakati. Niliogopa, wacha niseme ukweli. Nikarudi nyumba kwa nyumba, safari hii bila fomu. Wawili walinisindikiza hadi barabarani, wakaniambia yaliyowakaa moyoni. Nyumba ya tatu ilikuwa na mpangaji mgeni. Jirani alikuwa akifua nguo nje, akaniambia mama aliyekaa pale alijiua, wakamsafirisha kwao magharibi kuzikwa. Kisha akanitazama vizuri.

"Si wewe ndiye yule madam wa maswali? Siku ile alikufuata mpaka pale kwa mfereji. Akarudi, akasema unatembea haraka sana."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.