Ukuta Ambao Mkwe Hakuugonga

"Angekuwa fundi wa kuokotwa barabarani, saa hizi ningeshamkunja shati!" Mwanangu wa kiume alikuwa amesimama mbele ya tundu la ukutani, mikono kiunoni. "Soketi inatoka na ukuta! Ukuta wa baba, ambao haujapata ufa tangu mimi natambaa!"

"Mume wangu hang'oi kuta za watu," dada yake akamrudishia. Pasi alikuwa nayo mkononi bado, waya wake unaburuta sakafuni. "Miaka kumi na tisa anafunga soketi na swichi. Kaulize nyumba yoyote."

"Ya nini niulize nyumba yoyote, na hii imeshanijibu?"

Mimi nilikuwa katikati yao, juu ya kigoda, kimya. Anayenijua angeshtuka. Mdomo wangu haujui kupumzika. Siku moja nilisimulia kisa kirefu mpaka maji ya chai jikoni yakaungua. Lakini asubuhi hiyo ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe.

Ilikuwa hivi. Binti yangu alikuwa anapiga pasi gauni lake la kupokelea mgeni. Alipochomoa plagi, soketi ikamfuata, na boksi lake, na pande la plasta upana wa sinia. Nyaya zikabaki zinachungulia. Mkwe wangu akaruka hadi kwenye meni swichi, akazima, akarudi akakagua vidole vya mke wake kimoja kimoja kama mtu aliyepewa mali ya watu atunze. Kisha akaenda barabarani kumpokea mgeni, uso umemshuka.

Mgeni mwenyewe ni Sista Mkuu wa zahanati. Zahanati yao ni jengo kongwe, kuta za chokaa kama zetu, na walitaka soketi na swichi mpya vyumba vyote. Mafundi wawili walishaanza, wakavunjavunja, wakaondolewa. Sista akasema kabla hajampa kazi mkwe wangu, fundi wa tatu, atakuja kwanza kuiona kazi yake kwenye ukuta wa zamani, ndipo aamue. Na kazi ya kuonyeshwa ndiyo hiyo sasa, inaning'inia.

Huyo mkwe wangu mtaani wanamwita Kigong'ota, kama yule ndege, kwa sababu hagusi ukuta kabla hajaugonga. Anageuza bisibisi, anagonga kwa mpini, sikio amelibana ukutani kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Panapolia pazito, ni pazima. Panapolia debe tupu, plasta imeachana na tofali, anahama. Akipata mahali, anachora boksi kwa penseli, anabandika tepu pembeni, analowesha plasta kwa brashi isije ikapasuka, anakata kingo kwa kisu. Hapo ndipo ashike patasi, na nyundo anaigusisha tu, kama anayemwamsha mtoto wa mkubwa wake wa kazi. Mara moja aligonga ukuta wa jirani, akasema, "Humu mna panya watatu, mmoja mjamzito." Hilo la mjamzito nimeongeza mimi.

Kazi aliijua kwa kubeba ngazi za watu. Umeme ulimuunguza angali kijana, na mpaka leo kidole chake cha shahada cha kushoto hakikunjiki. Akiokota kikombe utadhani anamwonyesha mtu mlango. Hapazi sauti. Na tangu amuoe binti yangu hajawahi kuketi mimi nikiwa nimesimama.

Adabu hiyo ndiyo niliyoitumia kumponza.

Siku tatu kabla ya hapo alifika kwenye ukuta huo, akageuza bisibisi yake kama kawaida. Nikamwahi.

"Mkwe wangu, huo usiugonge. Huo aliupiga plasta marehemu kwa mikono yake, akaichanganya na ute wa mayai mia tatu. Kuugonga ni kumpiga marehemu kofi."

"Nagonga kidogo tu, mama, nisikie."

"Kwani neno langu halitoshi?"

Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akaitia bisibisi mfukoni. "Linatosha, mama."

Akakata bila kusikiliza. Katikati ya kukata akasema, "Mama, plasta hii laini ajabu." Nikamjibu, "Ni ule ute wa mayai." Akatikisa kichwa, akatafuta skrubu ndefu zaidi.

Na asubuhi hiyo, kabla hajaenda barabarani, mwanangu alimkabili. "Shemeji, wewe si ndiye Kigong'ota? Huu mbona hukuugonga?"

Mkwe wangu alinitazama. Mara moja tu. Kisha akainamisha macho. "Ni uzembe wangu, shemeji."

Nilitamani niingie kwenye lile tundu mimi mwenyewe, wanipige chokaa juu.

Sasa nikawasikia wanangu wanazidi kupandishana. Mmoja anasema fundi huyu asiguse tena waya wa nyumba hii, na Sista aambiwe hivyo hivyo. Mwingine anasema kama mume wake anatoka, naye anatoka. Nikainuka kwenye kigoda. Nilikuwa nimekalia kitu, nilichokichomoa tunduni wakati wao wanashughulika na vidole vya binti yangu.

Binti yangu akakikazia macho. "Mama, hiyo si soksi ya baba?"

"Ndiyo."

"Ile ya kijivu? Si ulisema ilichukuliwa na kunguru?"

"Ukasema kunguru akarudi kesho yake kuulizia ya pili!" kaka yake akadakia.

"Hakukuwa na kunguru," nikasema. Ni maneno matatu, lakini sijawahi kusimulia kisa kigumu kama hicho.

Nikawaambia yote. Baba yao alikuwa amemaliza ukuta wiki hiyo, kila jioni anaupapasa kama farasi. Alipokuwa kazini akaingia panya, nikamkimbiza na mchi. Panya akakwepa, ukuta haukukwepa. Tundu la kupitisha kichwa! Nikashindilia magazeti, matambara na soksi, nikakoroga uji wa ngano mzito na majivu, nikasiliba, nikapaka chokaa. Aliporudi, ulikuwa umekauka. Akaupapasa pale pale, akasema, "Hii ndiyo kazi."

Mwanangu akaketi kitini. "Baba alikuwa analeta wageni kuutazama ukuta huu."

"Najua. Mimi ndiye nilikuwa nawapangia viti."

"Mpaka anafariki hukumwambia?"

"Mpaka anafariki."

Hakuna aliyecheka, na mimi nimezoea kuchekewa. Mwanangu akajifuta uso kwa kiganja. "Basi yaishe. Tumwambie Sista ni unyevu. Mama na mvi zake, tukamwaibishe mbele ya mgeni?"

"Na mume wangu?" dada yake akauliza.

"Atavumilia."

"Amevumilia tangu asubuhi." Akaiweka pasi mezani taratibu, akanigeukia. Hakupaza sauti, bora angepaza. "Mama, alipokutazama pale, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mtu amenipa adabu yake yote, nami nimeifanya tambara la kuzibia tundu lingine. "Msimwambie Sista chochote," nikasema. "Nitasema mwenyewe."

"Mama, keti," mwanangu akasihi. "Hebu fikiria watu watasema—"

"Hodi!"

Sista Mkuu akaingia, mwanamke mfupi wa miwani, na mkwe wangu nyuma yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," mkwe wangu akaniamkia, kama siku zote.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua.

Sista alitupita moja kwa moja mpaka kwenye tundu. Akamega chembe ya plasta, akaisaga kwa vidole, akainusa. "Hii si chokaa," akasema. "Nani mwenye nyumba hapa?"

Mkwe wangu akasogea mbele. "Sista, kosa ni la—"

"Nyamaza, mkwe wangu," nikasema. "Mwenye nyumba ni mimi, Sista. Na huo unaounusa ni uji."