Kopo la Vitovu

Makapi ya mkonge yakichacha juani hutoa harufu kali, na wageni wanaopita Muheza huziba pua. Mimi huvuta pumzi. Nilizaliwa kambini, kwenye nyumba za wakata mkonge, na harufu ile kwangu ni ya nyumbani.

Neno hilo, nyumbani, Babu hakulikubali. Aliletwa kwa treni kutoka Kigoma akiwa kijana, kwa mkataba wa kukata mkonge, na tangu hapo akawa anasema atarudi kwao mwakani. Kila mwaka, mwakani. Ndiyo maana hakupanda mnazi hata mmoja, na vitovu vyetu vilipokatika hakuruhusu vizikwe. Alivitia kwenye kopo la majani ya chai uvunguni mwa kitanda: cha baba yangu, vya shangazi zangu, na changu. Vingezikwa Kigoma. Msinicheke, lakini nilikuwa nikilitazama kopo lile na kujiona nina safari.

Kisha akazaliwa mdogo wangu. Kitovu chake kilipokatika, Babu akaleta kopo. Mama yangu, Mbondei wa huku huku Muheza, mwenye haya nyingi mbele ya mkwewe, akapiga magoti kama kawaida yake, ila kitovu akakifumbata mkononi.

“Shikamoo, Baba. Nisamehe,” akasema. “Huyu nataka kitovu chake kizikwe hapa. Akiulizwa kwao ni wapi, aonyeshe kwa kidole.”

Niliogopa sana. Wake wa kambini walirudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo, nami nikajiona tayari nimebaki bila mama. Baba akajifanya anakaza mnyororo wa baiskeli. Babu akaondoka, chai yake ikapoa.

Aliporudi alikuwa na jembe begani na mche wa mnazi aliouomba kwa jirani.

“Tuchimbe wapi?” akamwuliza Mama.

Mama akaonyesha nyuma ya jiko. Babu akachimba shimo pana, akapokea kitovu cha mdogo wangu, kisha akalimimina kopo lote humo. Akapanda mnazi juu yake, akaenda kunawa miguu.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba Mama alimshinda Babu. Siku hizi nikisikia redioni habari za watu wanaohamia huku na huko, hucheka peke yangu. Babu alipopanda treni alisafiri tu. Asubuhi ile, kwa jembe lake mwenyewe, ndipo alipohama, akatuhamisha sote.