Nyama ya Sinia Kule Kibokoni

Mimi ndiye yule mgeni aliyemaliza nyama ya sinia nzima kwa watu kule Kibokoni, Mombasa, akawaachia wenye nyumba wali mtupu.

Na kabla sinia haijaondolewa, nikajisifu kwamba mimi hula kidogo.

Msinicheke bado. Ngojeni niwaeleze.

Naitwa Naomi, natoka Nakuru. Mwaka jana daktari alinipima sukari akanitazama juu ya miwani. "Dada, bado hujaingia, lakini umeshafika mlangoni." Akaniambia nipunguze wanga: ugali, wali, chapati, viazi. Babangu alikufa na sukari, kwa hivyo sikubishana.

Likizo ya Agosti nikashuka Mombasa. Kupumzika, ndiyo, lakini nilikuwa na jambo jingine. Rafiki yangu Duha, niliyesoma naye chuo, alikuwa amepata kazi ya maabara kule kwetu Nakuru. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Tulishapanga kila kitu, hata mapazia nilishatundika.

Ila mamake alikuwa bado hajakubali.

"Mama yuwataka kukuona kwanza," Duha akaniambia kwa simu. "Asema hawezi kumtoa mwanawe akaishi na mtu asiyemjua. Ndoo Ijumaa ule kwetu. Akikupenda, nishahama."

Kabla ya hiyo Ijumaa niliteseka na chakula cha mchana, aki! Kule Feri, kwenye kivuko, ni muhogo, viazi karai na mahindi ya kuchoma. Nikaingia hoteli moja ndogo Mji wa Kale, nikaagiza mchicha.

"Chapati ngapi?" mhudumu akauliza.

"Sitaki chapati."

"Wali basi?"

"Sitaki wali."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa dada, huo mchicha utaushika na nini?"

Wa meza ya pili wakaangua kicheko. Nikala kwa kijiko, haraka haraka, nikatoka na njaa yangu.

Kwa hivyo Ijumaa nilifika kwa kina Duha tumbo likiunguruma.

Bi Afaf, mamake Duha, alinipokea vizuri mno. Habari za safari, za wazee, za kazi, za Nakuru na baridi yake. Shangazi yake Duha, Bi Fairuz, alikuwa ameketi mkekani. Sinia ya pilau ikawekwa, nyama zimerundikwa katikati, kachumbari na ndizi mbivu pembeni. Tulikuwa tule watu wanne.

"Anzeni," Bi Afaf akasema. "Mimi na Duha tuna kitu jikoni. Twaja sasa hivi."

Nikaitazama sinia. Pilau, wanga. Viazi ndani ya pilau, wanga. Ndizi, sukari tupu. Kilichobaki ni nyama.

Shangazi akawa anachota wali upande wake, kidogo kidogo. Nyama hakuigusa. Nikajiambia, mzee huyu meno yamemchoka. Mara akachukua kipande akakisukuma upande wangu.

"Kula mwanangu, usione haya."

Basi sikuona.

Nikala kile. Akanisukumia kingine, nikala. Vilivyofuata nilijichukulia mwenyewe. Yaani nyama ile ilikuwa imeiva ikaiva, na mimi nina njaa ya tangu juzi. Mkono ukawa unaenda katikati na kurudi. Wali sikuutia mdomoni hata punje, na moyoni nikajipongeza: Naomi, una msimamo wewe!

Nilipoinua kichwa, Shangazi alikuwa ameacha kula. Alikuwa anatazama shimo katikati ya sinia.

Bi Afaf akaingia na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Duha yuko nyuma yake, anatabasamu. Bi Afaf akaiweka sahani mbele yangu, akaifunua. Samaki tafi mzima wa kuchoma, mchicha pembeni, na kipande cha ndimu.

"Duha alinambia huli wanga," akasema. "Huyu wako, mwanangu."

Duha ndiye aliyeiona sinia kwanza. Tabasamu likamtoka. Mamake aliiona pia, lakini akanawa mikono, akaketi.

Ningenyamaza hapo. Lakini huu mdomo wangu!

"Asante Mama, ila mimi hula kidogo tu," nikasema. Nikaona wanachota wali na kachumbari. "Kumbe nyinyi hamli nyama?"



"Twala, mwanangu," Shangazi akajibu polepole. "Ikibaki."

Woi! Hapo ndipo nilipoelewa. Nyama ilikuwa katikati kwa sababu ilikuwa ya wote, na Shangazi hakuigusa kwa kuwa alikuwa anawangoja wenzake. Vile vipande alivyonisukumia vilikuwa heshima ya mgeni, nami nikavifanya ruhusa ya kumaliza. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Nisameheni jamani, sikujua..."

"Wacha, mwanangu. Chakula ni cha kuliwa," Bi Afaf akasema. "Kula samaki, atapoa."

Nikamsukumia sahani. Akairudisha. "Ukimkataa nitajua hukupenda mapishi yangu."

Nikamla samaki wa watu, macho chini. Bi Afaf akafinyanga tonge dogo la wali, akalitazama kidogo, akalitia mdomoni. Akafinyanga jingine.

Duha alinisindikiza ngazini.

"Nisamehe," nikamwambia. "Kesho nitamletea mamako nyama, kilo nzima."

"Si nyama, Naomi." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mama ana sukari, miaka mingi sasa. Wali haugusi. Samaki yule ndiye chakula chake. Nilipomwambia kuwa nawe huli wanga akasema, basi mpe mgeni, mimi nitakula nyama ya sinia."

Nikaketi pale pale kwenye ngazi. Wali nilioukimbia mimi, yeye aliula mbele yangu ili nisizidi kuaibika.

Kesho yake Duha akanipigia. "Mama amekubali niende Nakuru."

Nikapiga kigelegele.

"Lakini nitakaa kwa binamu wa baba."

"Amenikasirikia?"

"La. Asema u mtoto mzuri. Ila hukuinua uso kumtazama mwenzako. Aogopa siku moja nitaugua, nawe uko chumba cha pili, usijue."



Duha yuko Nakuru sasa. Kwa huyo binamu ni mbali na kazini, hupanda gari mbili asubuhi. Chumba changu cha pili kina mapazia tu.

Juzi alirudi kutoka kwao, akaniletea kifurushi cha gazeti. Papa mkavu, harufu imejaa mlango. Mamake alimwambia: "Mpelekee rafiki yako asiyekula wanga. Huko bara atataabika."

Nilimpika nikiona haya, na hakuna aliyekuwa ananiona.

Daktari alinifundisha kuitazama sahani yangu, na bado naitazama. Ila siku hizi, kabla sijanyosha mkono, nainua uso kwanza nione ni nani bado hajaketi. Nawe ukialikwa kwa watu, fanya hivyo. Mimi nilichelewa.