Fimbo Moja kwa Ringi Tatu

Niseme ukweli tangu mwanzo, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo: siku niliyoongozana na mama mkwe kwenda kununua fimbo ya kuvulia, nilikuwa nimetumwa nimharibie. Aliyenituma ni mume wangu, mwanawe wa kumzaa. Nami nilikubali kwa roho nyeupe, kwa sababu nina mapacha wa miaka miwili, nina saluni ya viti vitatu, na nilikuwa nimechoka kusuka kichwa cha mteja huku mtoto mmoja yuko mgongoni na mwingine ananing'ang'ania sketi. Nilimtaka bibi yao nyumbani. Basi.

Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa amestaafu. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye kituo cha kuzalishia samaki, kule juu unakotokea mto, wanakokuza trauti na kuwamwaga mtoni ili wenye vibali waje kuwavua. Kazi yake ilikuwa kulisha, kusugua matangi na kubeba vifaranga vya samaki kwa ndoo mpaka mtoni. Wanaume wa kituo walimpa jina Bi Ndoo. Aliliitikia, lakini ukimwita hivyo huku unacheka, alikukata jicho mpaka ukajuta kuzaliwa na mdomo. Hana dogo yule mama. Mwaka nilioolewa nilimfulia shuka, akanirudishia, eti nimelilowesha tu, sijalifua. Hatukuwa marafiki, nisimdanganye mtu.

Jumatatu jioni, wenye vibali wakiwa hawapo, wafanyakazi waliruhusiwa kuvua. Wenzake walikwenda kulala. Yeye aliokota fimbo iliyovunjika ya mgeni fulani, akaifunga kwa utepe wa fundi umeme, akajifundisha. Kule wanavua kwa inzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu. Inzi huyo hana uzito wa maana, kwa hiyo kinachotupwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na fimbo ndiyo inayousukuma. Mama alikuwa akisema kazi siyo kutumia nguvu, kazi ni kusubiri mshipi unyooke nyuma yako kabla hujaurusha mbele. Aliusubiri hivyo Jumatatu za miaka ishirini.

Alipostaafu tu, chama cha wavuvi wa mto kikatangaza kinatafuta mwongozaji mmoja wa kuwapeleka wageni mtoni. Anayepata kazi hiyo hupewa chumba pale pale kituoni, na kwa mama maana yake ilikuwa moja: angebaki katika chumba chake kilekile, na dirisha lake la mtoni, na mambo yake mwenyewe. Akaandikisha jina. Mume wangu akaja juu. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, bega la kulia limeharibiwa na ndoo, atamwongoza nani? Walivutana kwenye simu wiki nzima, mwishowe wakakata shauri. Akifaulu jaribio la chama, anabaki mtoni na hakuna atakayemsumbua tena. Akishindwa, anahamia kwetu, analea wajukuu, na habari za mto zimekwisha. Mama alikubali, akakata simu bila kuaga.

Jaribio lenyewe ni ringi tatu za mpira zinazoelea majini. Ya kwanza iko karibu, chini ya matawi, na inzi mdogo anatakiwa atue humo taratibu bila kurusha maji. Ya pili iko hatua kumi na tano. Ya tatu iko hatua ishirini na tano, karibu na ng'ambo, na huko unatupa inzi mkubwa aliyetiwa uzito wa risasi. Fimbo ni moja kwa zote tatu, kwa sababu mwongozaji hawezi kuzunguka mtoni na rundo la fimbo begani kama muuza mifagio. Na ile ya mama, ya utepe, mlango wa gari la kituo ulikuwa umeibana ikavunjika vipande vitatu, haifungiki tena.

Ndipo mume wangu akaniita jikoni, akarudisha mlango. "Nenda naye dukani," akaniambia. "Mshauri achukue zile fupi nyepesi. Bega halitamuuma."

Hakumalizia, na hakuwa na haja. Sote wawili tulijua kwamba fupi nyepesi haifiki ringi ya tatu.

Duka lilikuwa nyuma ya maduka ya baiskeli, chumba kirefu chenye fimbo zilizosimamishwa ukutani kwa mstari. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Akanisalimia mimi, akaniuliza mimi kama tunatafuta zawadi ya mzee. Mama akamwambia fimbo ni yake. Masharubu akatabasamu, akaenda kuleta fimbo ya futi saba, namba tatu, ya zambarau, ikiwa na mfuko wake wa kitambaa laini. Akasema hiyo ndiyo akina mama wanayoipenda.

Nikaingia kazini. Nikasema ni nzuri, ni nyepesi, bega litapumzika. Roho ilinisuta kidogo, nisiseme haikunisuta, lakini nilisema.

Mama aliipindapinda, akairudisha mezani. Akanieleza mimi, siyo Masharubu, kwamba namba ni ya uzito wa mshipi unaotupwa na fimbo hiyo. Namba ndogo, mshipi mwembamba. Hiyo ya zambarau ni ya vijito vya kuruka kwa hatua moja. Upepo ukivuma, inzi anarudi kukutua usoni. Masharubu akaleta namba nane, nene, ngumu. Mama akasema hiyo akavutie gari lililokwama. Basi jamaa akaanza somo: hakuna fimbo ya kila kitu, mvuvi wa kweli huwa nazo tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Mama akamjibu kwamba yeye ana bega moja.

Akaenda mwenyewe ukutani, akachagua mbili, zote za futi tisa, zote namba tano. Moja nyeusi inayong'aa, nyingine ya kahawia, rangi ya kiatu cha zamani. Akaomba zifungwe mshipi akazitupe uani. Masharubu akacheka. Fimbo hazitoki nje, hiyo ni kanuni ya duka. Atikise tu hewani kama wenzake. Na kweli, wateja wawili walikuwa pale kaunta wanatikisa fimbo kavu, wanatingisha vichwa, wanajifanya wameelewa kitu.

"Fimbo isiyo na mshipi haijaniambia lolote," mama akasema.

"Mama, hata wanaume wazoefu wanatikisa tu," Masharubu akajibu. Akaisogeza ile ya zambarau mbele yake kwa kidole. "Wewe chukua hii, utaniombea dua."

Wale wawili wakacheka. Na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa imekwisha, kama ningekuwa na akili ya kunyamaza. Mama alikuwa amechoka, bega limeanza kumpanda shingoni, nilimwona. Dakika mbili zaidi tungetoka na ya zambarau, au bila fimbo kabisa. Lakini ile "mama" yake, jamani. Aliisema kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Naijua sauti hiyo. Kila mwezi wauza mashine za nywele wananiletea mashine saluni, wakitaka niinunue kwenye boksi bila kuichomeka kwenye umeme, eti dada, niamini tu. Damu ikanichemka. Nikaweka mkoba wangu juu ya kaunta, katikati ya vitabu vyake vya risiti.

"Mfungie mshipi," nikasema.

Akaanza tena habari ya kanuni. Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwambia kwamba sina haraka, na kila mteja atakayeingia nitamweleza kwa nini nimekaa hapo. Mama akanitazama kama mtu aliyekuta samani mpya sebuleni kwake. Masharubu akatutazama wote wawili, akawatazama wale wateja ambao sasa hawakucheka, akaenda kuleta rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi.

Uani kulikuwa na saruji, makreti na mkokoteni ulioegemezwa ukutani. Badala ya ndoana walifunga kishungi cha uzi wa sufu. Mama akaanza na ile nyeusi. Ilifika mkokotenini bila shida, lakini alipotupa karibu, kwenye mfuniko wa bomba, kishungi kilianguka kwa kishindo. Akasema hiyo mbali inafika, ila karibu inampiga samaki kofi. Akachukua ya kahawia. Hiyo ilipinda mpaka katikati, polepole, ikajinyoosha yenyewe. Mfuniko wa bomba, kishungi kikatua bila sauti. Mkokoteni, ikafika. Akarudia mara sita, na mara zote sita bega halikupanda.

Kisha akaniwekea mkononi, akasimama nyuma yangu, akanishika kiwiko. "Ngoja," akasema. "Ngoja ikuvute. Umesikia? Sasa tupa." Nilisikia. Mshipi ulikuwa unavuta mkono wangu kutoka nyuma, na fimbo ikataka kwenda yenyewe. Kishungi changu kilinasa kwenye kreti, lakini nilisikia.

Tulikuwa tumeshalipa na kutembea mpaka barabara kuu, ile ya kahawia mkononi mwake, ndipo aliposema, bila kunitazama, "Mwanangu alikutuma."

 Nikasema ndiyo.

"Basi mwambie umeshindwa."

Jumamosi ya jaribio tulifika asubuhi, na mume wangu alikuja na pikapu ya kukodi. Wakati mama yuko mtoni anafunga mshipi, yeye alikuwa ameshaingia chumbani kwake, amefungua kitanda cha chuma, amekipakia na godoro juu, amekaza kamba. Nikamuuliza anafanya nini, jaribio hata halijaanza. Akasema tusipoteze muda. Mama alipogeuka alikiona kitanda chake kiko juu ya gari mbele ya watu wote. Akarudi kwenye mshipi wake. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilijua kabisa kwamba juma moja tu nyuma ningemsaidia kufunga kamba.

Washindani walikuwa sita, wanaume watano na yeye. Mwenyekiti wa chama, mzee wa kofia iliyochomekwa inzi kuizunguka, alimuuliza kama amekuja kulisha samaki. Watu wakaangua kicheko. Mama akamwambia amwandike. Wawili waliokuja na fimbo ngumu waliharibu kwenye ringi ya kwanza, maji yakaruka. Mwenye fimbo laini hakuifikia ya tatu. Waliobaki wawili walikosa ya pili. Mama alipata ya kwanza, inzi akatua chini ya matawi bila kuacha alama. Akapata ya pili.

Kwa ya tatu upepo ukaanza kumpiga usoni. Kila mtu hupewa mitupo miwili. Wa kwanza ulianguka fupi, kama kiganja kimoja hivi nje ya ringi. Mume wangu akashusha pumzi pembeni yangu, na nilimchukia kwa pumzi ile. Mimi, niliyetumwa nimwangushe, kucha zilikuwa zimenizama viganjani. Mama akavuta mshipi, akaurusha nyuma, akangoja. Alingoja mpaka nikadhani amesahau. Ndipo akatupa, na inzi akaingia ndani ya ringi.

 Mwenyekiti akakohoa, akasema hapo upepo umemsaidia, ni haki arudie.

Mama akapanda ukingoni taratibu, viatu vinatoka maji, akamfuata mpaka alipoketi. Akamwelekezea mpini wa fimbo.

"Upepo ni huu huu, haujaenda popote," akasema. "Chukua. Ufikishe wewe. Ukifikisha, narudia."

Mwenyekiti alitazama mpini. Akatazama ringi kule ng'ambo, akatutazama sisi. Mkono wake ulikwenda kwenye kofia, ukakaa huko huko. Mama hakuondoa fimbo. Ilikaa kati yao mpaka katibu wa chama, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuandika kwamba amefaulu.

Hapo ndipo mama alipoiondoa. Alitupita mimi na mwanawe, akaenda kwenye pikapu, akaanza kuifungua kamba kwa mkono wa kushoto.

"Kitanda changu kirudishe ndani," akasema.

Mume wangu alibaki amesimama. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa kweli, "Sasa watoto nani atawalea?"

Nikapanda kwenye pikapu, nikashika kitanda upande wa miguuni.

"Shika huko kichwani," nikamwambia. "Watoto ni wetu."