Chinsaga za Kemunto

Nakumbuka mwaka mmoja, mwanangu, mvua ilikuwa imewahi kuliko tulivyoizoea. Huku kwetu Nyamache, juu milimani, baridi ilishika mpaka kuku wakakataa kutoka nje. Mke wangu Kemunto alikuwa mzito, mimba yetu ya kwanza. Na wewe unajua mila yetu: mama aliyejifungua hupikiwa chinsaga, ile mboga Waswahili wanaita mgagani, ichemke taratibu na maziwa mpaka uchungu uishe, ndipo titi lijae.

Mama yangu alikuwa amefariki. Alituachia mbegu za chinsaga kwenye kitambaa, juu ya meko, kiasi cha konzi moja. Shamba la mboga kwetu ni la wanawake, lakini Kemunto hakuweza kuinama, na mimi niliogopa mtoto atakuja akute hakuna kitu. Basi nikajifunika gunia, nikachukua jembe, nikaingia topeni. Nikachimba mashimo kama ya mahindi.

Jirani yetu, bibi Nyaboke, tuliyemwita Magokoro, yaani nyanya, alisimama uani kwake akinitazama. Alikuwa na jino moja mbele na hakuogopa kulionyesha.

“Ombati, unapanda mboga ama unazika mtu?”

“Magokoro, mtoto hangoji.”

“Na udongo nao hauogopi mtoto. Hebu shika kidogo, ukaze ngumi. Fungua. Unaona? Umeshikamana kama udongo wa kufinyanga; umepata ng'ombe mzima, bado pembe tu. Hiyo peleka Tabaka kwa wachongaji wa vinyago, labda watanunua.”

Nilicheka, ila nusu ya mbegu ilikuwa tayari imezikwa, na haikuota hata moja. Iliyobaki Magokoro akanizuia nisiipande, akasema tungoje. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Tulingoja mpaka udongo ukakubali kuvunjika vidoleni. Akanionyesha: inua tuta, chimba mfereji maji yapite, changanya mbegu na majivu uone unapozitupa, zinyunyize juu juu, zifunike kwa kidole tu. Wapita njia walinitania eti nimeolewa. Nikawaitikia salamu.

Mtoto hakungoja, kweli. Alikuja chinsaga zikiwa na urefu wa kidole. Nilikimbia kwenye tuta, nikainama nizing'oe zote. Magokoro akanishika bega.

“Ukizing'oa leo, kesho Kemunto atakula nini? Ziache.”

Akaniwekea mikononi ungo wa chinsaga za kwake, za kando ya ukuta wa jikoni, mahali moshi na jua vinapogusa. Alinipa kila siku mpaka zangu zikafika. Kemunto alikula, mtoto akanyonya akalala. Mimi nililia kidogo nyuma ya zizi, na sioni aibu kukwambia.

Sasa mwaka huu wewe na mkeo mmeanza shamba lenu, na mvua imewahi tena. Mwanangu, usipande kwa hofu. Baridi ikizidi, andaa tuta, safisha mfereji, kaa na mkeo jikoni. Udongo ukiwa tayari utakuambia. Na ukichelewa, usione haya kula kwa jirani, maana jirani naye atakula kwako. Miche mizuri kuliko yote usiichume, iache ikomae itoe mbegu, uhifadhi kwa ajili ya mtu usiyemjua bado.

Mungu akupe mvua ya kiasi na mkono usio na haraka. Nyumba yako isikose mboga, wala mtu wa kuila.